Somo la Jumamosi: Plastiki Yenye Nyuzi Inapopata Joto



Somo la safari hii lilianza na simu. Mwanafunzi mmoja wa darasa la wakubwa alikuwa anajiandaa na mtihani wa kemia wa shule yake ya kila siku, sura inayohusu vitu vinavyotengenezwa kwa kuchanganya plastiki na nyuzi. Jioni akampigia bibi yake aliyeko Muheza, mkoani Tanga. Akamwamkia, bibi akaitikia marahaba, kisha akamwuliza, "Unasoma nini siku hizi, mume wangu?" Kijana akakwama. Jumamosi akaniambia, "Mwalimu, nilimjibu nasoma sayansi tu, kwa sababu Kiswahili hakina maneno ya mambo haya."

Sikukubali. Nilimwambia ampigie tena amwambie hivi: Bibi, nasoma jinsi plastiki inavyotiwa nyuzi ili isilegee ikipata joto. Hakuna hata neno moja hapo ambalo bibi halijui. Kijana akapiga. Sasa bibi huyo ujanani alifanya kazi ya kuanika katani katika shamba la mkonge, kwa hiyo habari za nyuzi anazijua kuliko sisi sote. Akamrudishia maswali mawili. La kwanza: "Huo uzi unaizuiaje plastiki isiyeyuke?" La pili: "Na mkonge ukitiwa humo, si utaungua?"

Kijana hakuweza kujibu. Nami niliposimuliwa sikuweza papo hapo. Mimi ni muuguzi, si mhandisi, ikabidi nirudi kwenye vitabu na kuuliza wenye kujua. Haya ndiyo niliyoyapata, na nimeyaandika ili kila mtoto wa shule yetu aweze kuyasimulia kwa simu bila kuchanganya lugha.

Kwanza neno moja linalotega. Nyuzi ni wingi wa uzi, lakini pia tunasema maji huchemka kwa nyuzi 100. Nikiandika kwamba plastiki yenye nyuzi imefika nyuzi 200 mtanikimbia. Kwa hiyo humu nyuzi ni zile za kusokota na kufuma tu, na joto nitalipima kwa digrii, yaani digrii za Selsiasi.

Fito, udongo na mvua

Wengi wenu mmeona nyumba ya udongo, kama si kwa macho basi kwa picha. Fundi husimamisha nguzo, akafunga fito kwa kamba, kisha akakandika udongo. Udongo mkavu hubeba uzito vizuri ukikandamizwa, lakini ukivutwa hupasuka. Fito zikivutwa hazipasuki. Kila kimoja kinaficha udhaifu wa mwenzake.

Sasa mvua inyeshe ipige ukuta. Udongo unalowa na kulainika. Fito hazikuuzuia usilowe. Umelowa sawasawa na udongo wa uani. Lakini ukuta haujamwagika, kwa sababu fito zimeushika.

Weka plastiki mahali pa udongo, nyuzi mahali pa fito, na joto mahali pa mvua. Hapo umeshaanza kumjibu bibi, na utaona kwamba swali lake la kwanza lina kosa dogo ndani yake. Uzi hauizuii plastiki isiyeyuke. Plastiki yenye nyuzi na plastiki ileile isiyo na nyuzi huyeyuka kwa joto lilelile. Linalobadilika ni lile linalotokea kabla ya kuyeyuka: ile hali ya kulainika, kulegea na kupinda.

Jaribio la nta

Hili tulilifanya darasani, na mnaweza kulirudia nyumbani mkiwa na mtu mzima. Nta ya mshumaa inafaa kwa sababu inafanana na plastiki kwa jambo moja: inalainika kwanza, ndipo inayeyuka, na hufanya hivyo kwa joto dogo tunaloweza kulimudu.

Tulikunja karatasi ya foili tukapata vijisanduku viwili virefu kama kidole. Hizo ndizo kalibu zetu. Nikayeyusha mishumaa meupe katika bakuli lililokaa juu ya maji ya moto. (Wazazi, kazi hii ni yenu, na nta isiwekwe kamwe moja kwa moja juu ya moto.) Kalibu ya kwanza tukajaza nta tupu. Ya pili tukatia kwanza nyuzi za kamba ya katani, ile inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya bustani, ndipo tukamimina nta. Zilipoganda tukapata miche miwili kama miche midogo ya sabuni. Kila mche tukaulaza juu ya vikombe viwili, kama daraja, tukaweka sarafu tano katikati, kisha tukapuliza kwa mashine ya kukaushia nywele kutoka mbali kidogo.

Mara ya kwanza tulishindwa. Nilikuwa nimezitia nyuzi zikiwa zimejikunja kama kiota cha ndege, na miche yote miwili ikaanguka karibu pamoja. Watoto walicheka sana. Lakini kushindwa huko kulitufundisha zaidi kuliko kitabu: uzi haufanyi kazi kwa kuwamo tu. Mara ya pili tulizinyoosha tukazilaza kwa urefu, karibu na upande wa chini wa mche, kwa sababu daraja likiinama upande wa chini ndio unaovutwa. Hapo tofauti ikaonekana. Mche mtupu uliinama, ukamwaga sarafu mezani, ukakatika. Mche wenye nyuzi ulichelewa kuinama, na hata ulipoinama ulibaki umening'inia kati ya vikombe.

Kisha tukavitia vipande vya miche yote miwili katika bakuli la maji ya moto. Vikayeyuka pamoja, hakuna kilichomsubiri mwenzake. Nta ikaelea, nyuzi zikabaki chini zikiwa peke yake. Kijana wetu akaangalia bakuli lile kwa muda, akasema, "Kumbe bibi nimjibu kwamba uzi hauzuii chochote, unashikilia tu." Ndiyo hivyo hasa.

Binti mmoja wa darasa la wadogo akatazama mche wenye uzi ndani, akasema, "Mwalimu, umetengeneza mshumaa." Shikeni neno lake, tutalirudia.

Wahandisi nao hufanya jaribio hilohilo

Nilifurahi nilipogundua kwamba kipimo rasmi cha viwandani ni ndugu wa daraja letu la nta. Kipande cha plastiki hulazwa juu ya vishikizi viwili, katikati hukandamizwa kwa uzito uliopangwa, chote kikiwa ndani ya mafuta yanayopashwa moto polepole, digrii 2 kwa kila dakika. Wanaandika joto ambalo kipande kinapinda kwa kiasi kidogo kilichokubaliwa, chini ya nusu milimita. Hawasubiri kiyeyuke. Joto hilo ndilo linalowaambia plastiki itaanza kulegea wapi ikiwa na mzigo.

Chukua nailoni, aina inayoitwa nailoni 66. Huyeyuka kwenye digrii 260 hivi. Lakini ikiwa tupu, chini ya uzito mkubwa wa kipimo hicho hupinda mapema sana, kwenye digrii 70 na kitu, yaani joto la chai iliyopoa kidogo. Ukitia nyuzi fupi za kioo zinazofikia asilimia 30 ya uzito wote, inasimama mpaka karibu digrii 250. Kiwango cha kuyeyuka hakikusogea, ni kilekile cha 260. Kilichosogea ni pale inapokubali kupinda, kutoka joto la chai hadi kukaribia kabisa mlango wa kuyeyuka.

Nyuzi hizo ni kioo kweli, kioo kilichoyeyushwa na kuvutwa mpaka kikawa chembamba kuliko unywele. Kioo hicho hakilainiki mpaka joto lipite digrii 800, kwa hiyo joto la nailoni kwake ni kama upepo. Na ili nailoni ikishike, nyuzi hupakwa dawa ya kushikisha kabla ya kuchanganywa. Bila hiyo uzi huteleza ndani ya plastiki kama fito iliyofungwa kwa kamba iliyolegea.

Mnaweza kuiona plastiki hii kwa macho yenu. Gari likiwa limezimwa na limepoa kabisa, mwombe mzazi afungue boneti. Tazameni matangi meusi ya plastiki yaliyo kwenye kingo za rejeta, na vifuniko vyeusi vya injini. Kwenye magari mengi mtakuta maandishi madogo kama haya: >PA66-GF30<. PA ni kifupi cha jina la kitaalamu la nailoni, 66 ni aina yake, GF ni nyuzi za kioo, na 30 ni asilimia. Mkikuta GF35 au GF50, mnajua maana yake. Maji ya rejeta injini ikifanya kazi huwa kwenye digrii 90 mpaka 105, nayo yamebanwa kwa shinikizo. Nailoni tupu hapo ingevimba kama puto. (Msiguse kifuniko cha rejeta. Nimeshawahudumia waliokifungua injini ikiwa ya moto, na mvuke ule hausamehi.)

Si kila plastiki hunufaika hivyo. Nailoni ndani yake ina sehemu zilizopangika vizuri, yaani fuwele, na sehemu zilizovurugika. Sehemu zilizovurugika hulegea mapema, kwenye digrii 50 au 70 hivi, lakini fuwele hubaki ngumu mpaka 260. Katikati ya hapo nailoni ni laini lakini bado haijayeyuka, na huko ndiko nyuzi hupata kazi. Plastiki isiyo na fuwele, kama ile angavu ya santuri za CD, ikishalegea imelegea yote, uzi hauna cha kushikana nacho. Ukiitia nyuzi za kioo unapata nyongeza ya digrii chache tu. Ukuta ukigeuka tope kabisa, fito zitasimama peke yake.

Kutanuka na kusinyaa

Kila kitu hutanuka kikipata joto, lakini plastiki huzidi. Chukua fimbo ya nailoni tupu yenye urefu wa mita moja, uipashe kutoka digrii 20 hadi 100. Itarefuka kwa milimita 6 na zaidi. Fimbo ya chuma cha pua hapo hapo itarefuka kwa milimita 1 hivi au zaidi kidogo, na ya kioo chini ya nusu milimita. Sasa fikiria plastiki iliyofungwa kwa skrubu kwenye chuma, kama lile tangi la rejeta. Kila injini ikipata moto plastiki inataka kukimbia na chuma kinaikatalia. Mwisho wake ni ufa na kuvuja.

Nyuzi za kioo huivuta plastiki irudi. Yenye asilimia 30 ya kioo hurefuka kwa milimita 2 au karibu na hapo, lakini kwa upande ambao nyuzi zimelala. Kwa upande wa pili, unaozikata, hutanuka zaidi sana. Plastiki hii humiminwa kwenye kalibu ikiwa ya moto, na nyuzi hulala kufuata mkondo, kama magugu ya mtoni. Inapopoa inasinyaa kidogo kwa urefu na sana kwa upana, na kama kalibu haikuchorwa kwa akili kitu hutoka kimejipinda kama jani kavu. Nyuzi za kaboni zina ajabu yake: zikipata joto, kwa urefu hazirefuki, hupungua kidogo sana. Ndiyo maana vyombo vinavyotumwa angani, ambako upande wa jua ni moto na upande wa kivuli ni baridi kali, hutengenezwa kwa kaboni ili visibadilike umbo.

Kuhusu kupitisha joto nitasema kidogo tu. Kioo hupitisha joto mara kadhaa kuliko plastiki, lakini nyuzi zimetenganishwa na plastiki, kwa hiyo mchanganyiko haupitishi zaidi sana. Mkono wa mwiko wenye kioo unabaki haukuunguzi. Kaboni ni habari nyingine, hupitisha joto vizuri kufuata urefu wa uzi.

Mwiko jikoni

Mzazi mmoja baada ya somo alinionyesha mwiko mweusi wa plastiki, wa kugeuzia chapati, ambao ncha yake imeliwa. Alikuwa ameuegemeza ndani ya kikaango akaenda kufungua mlango. Alidhani aliuziwa kitu kibovu. Inawezekana, lakini si lazima. Miko hiyo mingi ni nailoni, mingine ina kioo na mingine haina. Mafuta ya kukaangia maandazi huwa kwenye digrii 180 hivi. Nailoni ya aina moja huyeyuka kwenye 220, nyingine 260. Kwa hiyo ndani ya mafuta mwiko hauyeyuki, ila usio na nyuzi unalegea, na ukiinua andazi zito unapinda na kulirudisha ndani kwa kishindo. Wanaoungua mkono kwa mafuta yaliyoruka ni wengi, na watoto wanaosimama karibu na jiko ndio urefu wao uko sawa na kikaango. Wenye nyuzi haupindi hivyo.

Lakini kikaango kikavu juu ya moto mkali hupita digrii 260 kwa urahisi, na hapo mwenye nyuzi na asiye na nyuzi wote ni nta. Soma kiwango kilichoandikwa kwenye mkono wa mwiko, na usiuache umeegemea. Kwa chapati mimi bado natumia wa chuma.

Plasta ngumu ya mfupa

Hapa nipo nyumbani kwangu. Ile plasta ngumu ya kufungia mfupa uliovunjika, wengi wanaiita POP, siku hizi mara nyingi si jasi tena. Ni kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za kioo, kimelowa resini, yaani plastiki ambayo bado ni gundi. Huja kimefungwa kwenye pakiti isiyopitisha unyevu. Tukikichovya majini resini huanza kuungana, na baada ya dakika chache ni ngumu.

Resini hii ni tofauti na nta. Nta unaweza kuiyeyusha na kuigandisha mara mia. Resini ni kama yai: likishaiva halirudi. Na wakati wa kuiva hutoa joto lake lenyewe. Ndiyo sababu mtoto anayefungwa husema, "Inapata moto!" Anasema kweli. Joto hilo halitoki kwenye kioo, kioo hakifanyi lolote. Linatoka kwenye resini. Nyuzi husaidia kwa njia ya kimya: mahali palipo na uzi hapana resini, na uzi hunyonya sehemu ya joto. Resini ingekuwa nene bila nyuzi, ingeunguza.

Mafundi wa boti za faiba kule Zanzibar na Mombasa wanalijua hili. Resini iliyotiwa dawa ya kugandisha ikisahaulika kwenye kopo hupata moto mpaka hutoa moshi na kupasuka, lakini resini ileile ikipakwa nyembamba juu ya mkeka wa kioo huiva taratibu. Ndiyo maana hawabandiki tabaka nyingi kwa mara moja.

Kwa hiyo tunatumia maji ya uvuguvugu au ya baridi, kamwe si ya moto, kwa sababu maji ya moto huharakisha kuiva na kuongeza joto. Hatuweki tabaka nyingi kupita kiasi. Na mkono uliotoka kufungwa haulazwi juu ya mto laini mpaka upoe, maana mto hufunika joto lisitoke. Wazazi, mtoto akisema inamchoma, msimwambie avumilie. Mwiteni muuguzi pale pale. Joto la kuiva hupita ndani ya muda mfupi. Mkirudi nyumbani na bado analalamika maumivu makali, ganzi, au vidole vimebadilika rangi, hilo si joto la kuiva tena, rudini hospitali bila kusubiri kesho.

Siku ya kuitoa, msumeno wetu mdogo nao huwa wa moto. Haukati ngozi kwa sababu unatikisika tu, hauzunguki, lakini kusuguana na kioo kigumu huupa joto, na plastiki haiondoi joto hilo. Tunasimama kidogo kila mara upoe. Mtoto ana haki ya kusema "subiri."

Swali la pili la bibi

Na mkonge ukitiwa humo, si utaungua?

Bibi amegonga penyewe. Mkonge si kioo. Ni mmea, na nyuzi zake huanza kubadilika rangi na kupoteza nguvu joto likikaribia digrii 200. Ukiuchanganya na nailoni 66 inayoyeyuka kwenye 260, utakuwa umeunguza uzi kabla kitu hakijatoka kwenye kalibu. Kwa hiyo hupewa mwenzi anayemfaa: polipropilini, plastiki ya ndoo na vyombo vya chakula, inayoyeyuka kwenye digrii 165 hivi. Au resini inayoiva bila joto kali. Kabla ya hapo lazima ukaushwe sana, kwa sababu uzi wa mmea huficha maji, na maji yakipita digrii 100 ndani ya plastiki yanakuwa mvuke na kuacha matundu. Kazi ya kuanika katani aliyoifanya bibi, viwanda hivi bado vinaihitaji.

Haya si mambo ya kubuni. Katika miaka ya 1990 Mercedes-Benz walitumia mikeka ya kitani na mkonge iliyoshikwa kwa resini kwa upande wa ndani wa milango ya gari lao la E-Class. Mlango hauna joto la injini, na mkonge ni mwepesi kuliko kioo. Na mkonge wenyewe ulifikaje Tanga? Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, Marekani, na inasemwa ni 62 tu iliyofika hai. Mashamba yote aliyoyafahamu bibi yalianzia hapo.

Kuhusu moto wenyewe, turudi kwa binti aliyesema nimetengeneza mshumaa. Alisema kweli kuliko alivyojua. Nailoni tupu ikishika moto mara nyingi hudondoka, na matone huondoka na moto. Yenye nyuzi za kioo haidondoki vizuri. Kioo hakiungui, lakini nyuzi zinanyonya nailoni iliyoyeyuka na kuipeleka kwenye mwali, kama utambi. Ndiyo maana plastiki yenye nyuzi inayotumika kwenye vifaa vya umeme huongezwa dawa ya kuzuia moto. Kustahimili joto na kustahimili moto ni mambo mawili, naomba msiyachanganye kwenye mtihani wala jikoni.

Kazi ya nyumbani

Wadogo: mtafute nyumbani kitu kimoja cha plastiki chenye maandishi GF, mkichore, mwandike kwa Kiswahili kinafanya kazi wapi na kwa nini kinahitaji nyuzi. Mkilikosa, chora mshumaa na utambi wake, ueleze utambi unafanya nini. Wakubwa: fimbo ya nailoni tupu ya mita moja imerefuka kwa milimita 6.4 ilipopashwa kwa digrii 80. Ingepashwa kwa digrii 25 tu ingerefuka kwa kiasi gani? Kisha elezeni, kwa sentensi zenu, kwa nini mche wetu wa kwanza wenye nyuzi ulianguka.

Wote: pigeni simu kwa babu, bibi, shangazi au mjomba. Muulizeni anaitaje vitu vinavyojenga ukuta wa udongo, na mwandike maneno hayo. Kwa wengine fito ni ufito, kwa wengine kuna jina jingine kabisa, na nataka kuyasikia yote.

Kijana wetu amempigia bibi, akamweleza yote, kwa Kiswahili, dakika ishirini. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, mume wangu. Na usumba wa makumbi ya nazi je, unafaa?" Jibu nimeshalipata, lakini nawaachia ninyi mpaka Jumamosi ijayo. Dokezo: nazi nayo ni mmea.